Maji Ndani ya Mafuta

Leo nitaungama kosa langu moja, ili lisiwe lenu.

Mwaka 2012 nilikuwa msimamizi wa grupe iliyotoa mwangaza kwa maternite yetu. Asubuhi moja fundi alichomoa kijiti cha kupima mafuta, akanionyesha. Mafuta yalikuwa meupe-meupe, sawa kahawa yenye maziwa. Akasema: «Baba pasta, maji yameingia. Tufungue motere, tutafute ginsi yanavyopita.» Nikauliza bei. Nikaona ni nyingi. Nikajibu: «Badilisha mafuta tu, tuendelee.»

Akabadilisha. Kisha juma moja weupe ukarudi. Nikamwambia abadilishe tena. Usiku mmoja motere ikalia sauti ya chuma juu ya chuma, ikasimama. Ndani ya maternite mama mmoja alikuwa anazaa! Mkunga alimaliza kazi kwa taa ya petroli. Mtoto alilia, mama akapona, lakini mimi nilibaki inje nikitetemeka.

Fundi alipofungua, alikuta joa ya kilasi imeharibika; maji ya radiatere yalikuwa yakipita pale. Kitu kidogo! Lakini sasa ekseli kubwa ya ndani ilikuwa imekwaruzika. Feza ya mabati ya kanisa ikaenda huko.

Unajua sababu? Ekseli inayozunguka haipaswi kugusa chuma kinachoibeba. Inaelea juu ya utando wa mafuta, mwembamba kuliko unywele. Maji hayana nguvu ya kubeba mzigo ule. Utando unakatika, vyuma vinasuguana, na kutu inaingia.

Usifikiri huu ni ugonjwa wa motere ndogo tu. Kule Olkaria, karibu na Naivasha katika inchi ya Kenya, mvuke wa chini ya ardhi unazungusha mitambo ya umeme tangu mwaka 1981. Katika mitambo ya mvuke namna ile, mvuke unaweza kupenya kandokando ya ekseli, ukapoa, ukawa maji ndani ya mafuta. Pengine bomba la kupozea mafuta linatoboka. Kwa hiyo mafundi hupima mafuta mara kwa mara, huondoa maji yanayotuama chini ya tangi, na hupitisha mafuta katika mashini inayoyazungusha kwa nguvu, hata maji, yaliyo mazito zaidi, yatengwe. Lakini kusafisha si kuponya. Wasipoziba mahali pa kupenya, maji yatarudi. Hapo ndipo mimi nilikosea.

Basi wewe kijana unayelinda pompe kwenye shimo la zahabu, na wewe mama mwenye mashini ya kusaga, shikeni haya:

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, tazama kijiti. Ukiona rangi ya maziwa, usiwashe.

Ukiwa na mashaka, acha mafuta kidogo ndani ya chupa hata kesho. Pengine utaona maji yametuama chini. Ao dondosha tone moja juu ya bati la moto, uso wako ukiwa mbali: likilia kama chumvi motoni, maji yamo.

Maji ya radiatere yakipungua bila kuvuja inje, jiulize yanakwenda wapi.

Pipa la mafuta usiliache wima mvuani. Maji yanatuama juu ya kifuniko, na usiku pipa likipoa linayavuta ndani. Lilaze, tena mahali penye paa.

Mtoto yule wa usiku ule sasa anasoma shule. Kila nikimwona ninakumbuka kile kijiti. Na wewe unayeshika feza ya kanisa ao ya jamaa, fundi akikuambia «Tufungue», usiulize bei peke yake. Uliza pia nani atabaki gizani.