Siku Mbili za Cape

Hombolo, Dodoma
Mwisho wa Januari

Mpwa wangu Yunisi,

Ujumbe wako nimeupata. Binti wa jirani ndiye aliyenisomea, tena mara mbili, maana miwani yangu imevunjika mkono na hata sasa naandika kwa kukadiria, usishangae mistari ikipanda na kushuka. Kwa hiyo jirani naye anajua kwamba unakwenda Cape Town katikati ya Februari, kwamba mkutano wenu unaisha Alhamisi, kwamba ndege yako ni Jumapili asubuhi, na kwamba Ijumaa na Jumamosi unataka kuzunguka mashamba ya mizabibu. Umenitajia majina saba: Constantia, Stellenbosch, Franschhoek, Paarl, Swartland, Robertson na Hemel-en-Aarde. Unaniuliza uanzie wapi na umalizie wapi.

Kabla sijakujibu, nikukumbushe safari yangu mwenyewe. Ulikuwa mdogo wakati ule. Tulikwenda wakulima kumi na wawili kutoka huku, tukapewa gari na ratiba ya mabonde manne kwa siku mbili. Tulishuka, tukaonja, tukapiga picha, tukapanda. Shamba la tatu lilikuwa limekwishafanana na la pili, na kufika la tano mzee mmoja alikuwa amelala ndani ya gari na hakuna aliyemwamsha. Daftari langu la safari ile ninalo hadi leo. Kurasa nne zimeandikwa maneno mawili tu: nyekundu, nzuri. Ninachokikumbuka vizuri kuliko vyote ni kisogo cha dereva.

Ndiyo sababu nakwambia chagua eneo moja, ulale huko huko, uamke huko huko.

Robertson ifute. Ni kilomita kama 160 kutoka mjini, saa mbili kwenda na mbili kurudi. Ni mahali pazuri pa mtu mwenye wiki. Hemel-en-Aarde, kule juu ya Hermanus, nayo ifute. Ni bonde la baridi linalopata upepo wa bahari, na wanajivunia Pinot Noir, zabibu ambayo hapa kwetu jua lingeibabua kabla haijapata rangi. Utafurahi, lakini utarudi na habari zisizotusaidia. Nyangumi wa Hermanus nao wanakuja kuanzia Juni, basi hata hao hutawakuta.

Franschhoek itakutongoza. Picha zake umeshaziona, najua, na kile kitramu kinachobeba watalii kati ya mashamba kimetusumbua sana hapa tangu dada yako alipokiona kwenye simu. Kilianza mwaka 2012, na kwa mtu asiye na gari ni msaada wa kweli: unashuka hapa, unapanda pale, hakuna wa kuendesha akiwa amelewa. Bonde lenyewe lilipewa Wahuguenoti, Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa wakafika Cape mwaka 1688, na jina lake maana yake ni kona ya Wafaransa. Ungekuwa unakwenda fungate ningekwambia nenda Franschhoek na usinisikilize tena. Kitu kimoja tu cha upande ule kinaniuma kukunyima: barabara ya kutoka pale kwenda Paarl inapita lango la gereza ambalo Mandela alitoka kwa miguu tarehe 11 Februari 1990. Zamani lilikuwa linaitwa Victor Verster. Siku moja utapita.

Stellenbosch ndiyo kila mtu atakayokutajia, na hawakosei. Mji huo ulianzishwa mwaka 1679, umepewa jina la gavana Simon van der Stel, na una chuo kikuu ambamo utaalamu wa mvinyo unafundishwa kama sisi tunavyofundisha ualimu. Profesa Perold alizalisha pale zabibu ya Pinotage mwaka 1925, kwa kuchanganya Pinot Noir na Cinsaut. Pale pale alisoma Ntsiki Biyela, binti aliyetoka kijijini KwaZulu-Natal bila kuwahi kuonja mvinyo maishani. Leo ana mvinyo wake mwenyewe unaoitwa Aslina, jina la bibi yake. Chupa hiyo ukiiona popote, inunue, uniletee. Ungekuwa unaniuliza kama mtalii tu, jibu lingekuwa Stellenbosch na barua ingeishia hapa.

Lakini wewe si mtalii tu. Mama yako, dada yangu, amekuachia ekari moja hapa Hombolo, nusu Makutupora nyekundu na nusu Chenin Blanc, na umeniambia kwa mdomo wako kwamba umechoka kuona zabibu zikipimwa kwa kilo na kulipwa kwa huruma ya mnunuzi. Mwaka juzi ulikuwepo. Tulivuna, mnunuzi akasema matangi yamejaa, tukakaa na kreti chini ya mti siku tatu huku nyuki wakifaidi. Mtu mwenye kidonda hicho haendi Cape kutazama nyumba nyeupe na maua ya waridi.

Nenda Swartland.

Ni kama saa moja kaskazini mwa Cape Town. Lala Riebeek-Kasteel, kijiji kidogo chini ya mlima, chenye vyumba vya kuonjea mvinyo ambavyo unaweza kuvifikia kwa miguu. Njiani utaona ngano, au kwa Februari mabua yake tu, ardhi imekauka imekuwa rangi ya simba. Utadhani umepotea. Watalii wengi ndivyo wanavyofikiri, na wanageuza gari. Wewe endelea.

Utakayoyakuta ni haya. Mizabibu ya zamani haina nguzo wala nyaya. Kila mmoja umesimama peke yake kama kichaka, mfupi, shina nene lililopinda kama goti la mzee, na mingi haimwagiliwi hata tone. Mvua yao inanyesha majira ya baridi, kuanzia Mei hivi, kisha kiangazi kizima mzabibu unajitafutia maji chini. Unazaa kidogo. Nasi tumezoea kuona kuzaa kidogo ni hasara, lakini pale kichala kimoja kidogo kina ladha ya vitatu. Na zabibu inayotawala mashamba hayo ya zamani ni Chenin Blanc, hii hii ya mama yako. Wao wanaiita pia Steen, na ndiyo inayolimwa kuliko zote Afrika Kusini.

Sasa sikiliza sehemu iliyonifanya nikuandikie badala ya kukupigia. Kwa miaka mingi zabibu za Swartland zilikuwa kama zetu. Wakulima walizipeleka kwenye viwanda vya ushirika, zikamwagwa kwenye tangi moja na za jirani, na mvinyo ukauzwa bila mtu kujua kilima kilichouzaa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakaja vijana wachache wasio na mashamba wala majumba ya kifahari. Mmoja wao, Eben Sadie, alitengeneza mvinyo wake wa kwanza wa Columella kwa mavuno ya mwaka 2000. Vijana hao walikwenda kwa wakulima wa mizabibu mizee, ile iliyokuwa karibu kung'olewa, wakanunua zabibu za kipande hiki na kile, wakazitia kwenye chupa kila moja na habari zake. Leo kuna hata lakiri maalumu kwa mvinyo wa mizabibu iliyofikisha miaka 35, nayo imeandikwa mwaka ambao mizabibu ilipandwa. Tafuta chupa yenye lakiri hiyo, uishike, uisome. Kisha umuulize mwenye nyumba swali hili hili: wewe zabibu unanunua kwa nani, na mkulima unamlipaje? Jibu lolote atakalokupa, liandike kabla hujaonja chochote.

Usije ukarudi na kalenda yao, hata hivyo. Wao wako nyuzi 33 kusini na wana baridi inayoulaza mzabibu, kwa hiyo wanapogolea mara moja na kuvuna mara moja. Sisi hapa nyuzi 6 mzabibu haulali, tunapogolea mara mbili, tunavuna Februari na Machi kisha tena Agosti na Septemba. Watakushangaa ukiwaambia. Waache washangae, nawe una la kuwafundisha.

Wapigie wiki moja kabla. Wazalishaji wadogo wa kule hawana mlango ulio wazi siku nzima. Ni mtu na mkewe, na Februari ni mavuno, wako ghalani tangu alfajiri. Mavuno yatakunufaisha kwa sababu utaona kazi yenyewe, utasikia harufu ya juisi inayochacha, lakini muda watakaokupa ni mfupi. Mashamba mawili kwa siku, yakizidi sana matatu. Chukua dereva. Anza na nyeupe, halafu nyekundu. Na tema, mwanangu. Kindoo kinachowekwa mezani kimewekwa kwa kazi hiyo na hakuna atakayekuona mshamba. Mimi niliona aibu kutema kitu cha watu, nikameza vyote, na nimeshakueleza daftari langu lilivyoishia.

Kuhusu Constantia, iko ndani ya jiji, nusu saa au pungufu kutoka katikati. Mkutano ukikupa mchana mmoja mtupu, nenda Groot Constantia. Usiihesabu kama sehemu ya siku zako mbili. Van der Stel alipewa ardhi ile mwaka 1685, na mvinyo mtamu wa pale ulisafiri hadi kwa Napoleon kisiwani St Helena. Lakini tembea polepole. Kwenye mashamba ya kale ya Cape utaona kengele imening'inia kati ya nguzo mbili nyeupe, watu wanapiga picha za harusi mbele yake. Kengele hizo ziliwaamsha watumwa. Waliletwa kutoka India, visiwa vya Indonesia, Madagaska na Msumbiji, na hawakuachiwa huru kamili hadi mwaka 1838. Hata baada ya hapo vibarua wa mashambani waliendelea kulipwa sehemu ya ujira wao kwa vikombe vya mvinyo mbaya, na vilema vya ulevi ule bado vinaonekana kwa watoto wa kule. Mimi mzalishaji wa zabibu nakwambia hilo kwa sababu hakuna atakayekueleza kwenye chumba cha kuonjea.

La mwisho ni lile uliloliandika kwa haraka mwishoni, kana kwamba nisingeliona: kwamba utaficha vipandikizi vichache vya mizabibu kwenye begi uje uvipande kwa mama. Hapana. Nakukataza, na sikukatazi mara nyingi. Mwaka 1886 walikigundua kule Cape kidudu cha filoksera, kidogo kuliko chawa, kinachokaa kwenye mizizi na kuifyonza mpaka mzabibu unakufa ukiwa umesimama. Kiliangamiza mashamba ya mababu zao, na hadi leo wanabebesha mizabibu yao kwenye mashina ya Kimarekani kwa ajili yake. Ukitaka mbegu ngeni kuna kituo cha utafiti hapo Makutupora, tutakwenda wote, tutaomba, tutasubiri karantini kama watu wengine.

Shangazi yako anakusalimu, anasema usinunue viatu vipya kwa ajili ya safari, vaa vile vya zamani. Namuunga mkono. Ila siku ya Jumamosi jioni, kabla hujafunga begi, vioshe kwa maji na sabuni mpaka udongo wote wa kule utoke kwenye nyayo. Kidudu kile husafiri hata na tope la viatu.

Wako,
Mjomba