Ufunguo Mmoja Hautoshi



Ufunguo pekee wa gari letu ulitupotea Jeddah, takriban kilomita 950 kutoka kwetu Riyadh. Garini, juani, imo insulini ya mama mkwe, na joto huiharibu dawa hiyo. Fundi hakuugusa mlango mpaka alipoiona istimara ya gari na iqama ya mume wangu; alhamdulillahi zilikuwa mfukoni mwake. Zingalikuwa garini, tungalikwama. Insulini tuliitupa, tukanunua nyingine.

Kuchonga chuma hakukutosha: magari mengi ya leo huutambua ufunguo kwa chipu iliyomo ndani yake, hivyo ilibidi ule mpya usajiliwe kwa kompyuta. Chongesheni wa pili mngali na wa kwanza, kazi huwa nyepesi zaidi; wala usikae mfuko mmoja na mwenziwe.

Wabillahi tawfiq.