Kutoka Nyamira Hadi Ng'ambo ya Ziwa

Mama mkwe wangu ni mzaliwa wa Nyamira, na umri wake wote hakupata kupanda chombo cha majini. Dada yake aliolewa Bondo, ng'ambo ya Ghuba ya Winam, na miaka mingi ilipita bila wao kuonana. Likizo iliyopita mimi na mama watoto tulipokwenda kumjulia hali, alisema neno moja tu: "Nipelekeni nimwone kabla mmoja wetu hajatangulia."

Tulitoka baada ya swala ya alfajiri, ukungu ungali juu ya mashamba ya chai. Kisii mjini tulinunua ndizi (sisi wa pwani hudhani tunazijua ndizi, mpaka tufike Kisii), kisha tukateremka kupitia Rongo na Homa Bay hadi Mbita. Kisii iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ziwa mita 1,134. Joto huongezeka kila kona, hata nikajihisi nakaribia kwetu. Njia ya kuzunguka kwa Kisumu ipo, lakini ni ndefu, na magoti ya mzee hayawezi kukunjwa siku nzima.

Gatini tulizozana. Mama watoto alitaka mamake abaki garini, kwani kutembea ni taabu. Nilikataa. Sisi wa Mombasa hatujasahau Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipozama na watu 272 wakafariki. Wala Septemba 2019 pale Likoni, gari lilipoteleza likatumbukia, ndani mna mama na bintiye. Nikaliingiza gari peke yangu. Vijana wawili, Mwenyezi Mungu awalipe, walimbeba mzee juu ya kiti cha plastiki, tukamvisha jaketi la kuokolea maisha, nami nikasoma dua ya safari.

Alifumba macho, ameshika buibui la bintiye. Tulipofika kati alifumbua jicho moja, akauliza, "Mbona milima ndiyo inayotembea?" Tangu hapo hakulifumba tena.

Tulishuka Luanda K'Otieno kabla ya saa moja kutimia. Tukaswali adhuhuri na alasiri kwa kukusanya na kupunguza, kisha tukashika njia ya Bondo.

Dada yake alikuwa ameketi chini ya mwembe. Hawakusalimiana kwa maneno. Walishikana nyuso, kila mmoja akimpapasa mwenziwe kama apimaye kitambaa. Jioni mama mkwe aliniita kando. "Mwanangu," akasema, "kurudi pia tupande kile chombo."