Ndizi Safi kwa Mikono ya Nani?

Tangu Tanzania izindue Mkakati wa Kitaifa wa Kilimo Ikolojia Hai mwaka 2023, nimelisikia neno "kilimo hai" katika warsha, katika hotuba na katika insha za wanafunzi wangu. Mara nyingi hutajwa kana kwamba maana yake ni kuacha kemikali, basi. Ndizi inatufundisha vinginevyo.

Ndizi iliyovunwa mbichi kwa safari ndefu huandamwa na kuvu. Iko kuvu iitwayo Colletotrichum musae, iletayo ugonjwa wa chule. Vijimbegu vyake hurushwa na matone ya mvua kutoka kwenye maua na majani yaliyokauka, hupenya ganda tunda likingali shambani, kisha hujificha humo hadi ndizi iive. Ndipo madoa meusi yanapojitokeza. Upo pia uozo unaoanzia pale chane ilipokatwa kwenye mkungu. Jeraha la kisu huwa mlango wa kuvu kadhaa, na maji machafu ya birika la kuoshea huzieneza kutoka chane moja hadi nyingine.

Katika kilimo cha kawaida, jeraha hilo hutiwa dawa kama thiabendazoli au imazalili. Kilimo hai kinazikataza. Wakulima wadogo wa bonde la Chira, kaskazini mwa Peru, na wenzao wa Jamhuri ya Dominika huuza ndizi hai Ulaya. Ukame wa maeneo yao huwapunguzia kuvu shambani, lakini kazi haiishi: kung'oa maua yaliyonyauka, kukata kwa kisu kikali na safi, kubeba mikungu bila kuichubua, kubadilisha maji ya birika, kisha kuipoza ndizi haraka hadi nyuzi joto 13 au 14. Dawa imeondoka, kazi yake imehamia mikononi mwa watu.

Nikiwauliza wanafunzi ni nani anayelipa gharama hiyo, hunijibu kwa haraka kwamba ni mlaji. Ningependa iwe hivyo. Lakini uozo hauonekani siku ya kupakia; hujitokeza baada ya wiki kadhaa baharini, mkulima akiwa hayupo kujitetea. Mkataba usiposema hasara ni ya nani, wenye nguvu huisukuma kwa mnyonge. Hapo usafi tunaousifu huwa ni jasho lisilolipwa.

Kwa hiyo, kwa watumishi wa umma watakaoutekeleza mkakati wetu, nina ombi moja. Msihesabu tu ekari zilizoachana na kemikali. Hesabuni pia maji safi yaliyofika kwenye vibanda vya kufungashia, vyumba vya ubaridi vilivyojengwa, na ujira wa mama anayeosha ndizi kutwa nzima. Kuvu haisomi cheti. Huzuiwa na kazi, na kazi hudai malipo.