Bamburi ilivyonilea kwa soul na muziki wa kufoka

MSAFIRI anayetoka kisiwani Mombasa kuelekea Malindi huvuka Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980 kushika nafasi ya lile la zamani la kuelea juu ya maji, lililojengwa mwaka 1931. Akishapita Kongowea na Bombolulu, mkono wa kushoto huona minara ya kiwanda cha saruji, na mkono wa kulia mahoteli yaliyoipa barabara mgongo na kuelekeza nyuso baharini. Hapo ndipo Bamburi.

Wageni wengi huja hapa kwa mambo mawili: kuogelea na kutazama wanyama. Mimi niliyekulia upande huu nataka kumwonyesha msomaji jambo la tatu, ambalo halimo katika vijitabu vya watalii. Jambo hilo ni muziki. Sisemi taarab wala chakacha, ambazo kila mtu anakubali kuwa ni zetu. Nasema soul na hip hop, miziki inayodaiwa kuwa ya wageni na ambayo mimi nimeipenda tangu utotoni hadi leo nilipoota mvi.

Kijiji cha mtambo

Kampuni ya saruji ya Bamburi ilianzishwa mwaka 1951, na kiwanda kikaanza kutoa saruji mwaka 1954. Mpaka leo makondakta wa matatu hutangaza "Mtambo! Mtambo!" wanapofika kwenye kituo chake. Kazi ya kiwanda ilileta watu wa kila namna. Wagiriama na Waduruma walikuja kutoka vijiji vya karibu, Wakamba na Waluo wakatoka bara. Kila mmoja alikuja na mkeka wake, sufuria yake na, akijaliwa, redio yake.

Mawe ya matumbawe yalichimbwa hata yakabaki mashimo makubwa yasiyoota jani. Mwaka 1971 mtaalamu kutoka Uswisi, Dkt. Rene Haller, alianza kupanda mivinje katika mashimo hayo. Majani ya mvinje yalikuwa hayaozi upesi, kwa hivyo akaleta majongoo wayatafune na kuyageuza udongo. Baada ya miaka pakawa msitu, na leo ndipo Haller Park, penye twiga, viboko, mamba na kobe.

Upande wa pili wa barabara mahoteli yaliongezeka katika miaka ya 1970, na hoteli ya siku hizo haikuwa hoteli bila bendi. Watalii walitaka kusikia nyimbo walizozijua kwao, na vijana wa Mombasa wakajifundisha kwa kusikiliza santuri. Hivyo ndivyo nyimbo za Otis Redding, Percy Sledge na Aretha Franklin zilivyofika kijijini kwetu.

Sisi watoto wa Mtambo hatukuruhusiwa kuingia hotelini, lakini pwani ilikuwa ya kila mtu. Jioni, maji yakiwa yamekupwa, tulipita vichochoroni hadi ufuoni, tukakaa mchangani mbele ya ukuta wa hoteli na kusikiliza bila kulipa senti. Upepo wa kusi ukivuma vizuri, hata pumzi ya mwimbaji uliisikia. Huko ndiko nilikousikia kwanza ule wimbo wa Otis Redding wa mtu aliyekaa gatini akitazama meli. Redding alikufa katika ajali ya ndege Desemba 1967, na wimbo huo ukatolewa mwaka uliofuata. Sikujua Kiingereza cha kutosha, ila habari ya mtu aliyekaa kando ya bahari bila kazi, akitazama vyombo vya wenzake vikipita, mtoto wa Bamburi haihitaji kufasiriwa.

Sauti ya nyumbani

Nilichokuja kufahamu baadaye ni kwamba baadhi ya sauti nilizozidhania za Wamarekani zilikuwa za watu wa Mombasa. Katika miaka ya 1960 Sal Davis, mzaliwa wa Mvita, alivuma na kibao chake "Makini". Katika miaka ya 1970 akatokea Slim Ali na bendi ya Hodi Boys. Slim Ali aliimba soul kwa Kiingereza, kwa sauti nyororo yenye uchungu ndani yake, na wimbo wake "You Can Do It" ukachezwa kila penye gramafoni. Kisha Mombasa Roots wakachukua chakacha ya akina mama wa Mji wa Kale na kuitia gitaa, tarumbeta na mdundo wa disko. Kwa nini basi tuseme muziki huu ni mgeni?

Kaka yangu alipata kazi ya kuandalia meza hotelini, na kila mwisho wa mwezi alirudi na kanda mpya. Nyingine zilirekodiwa vibandani mjini. Ulipeleka orodha ya nyimbo kwenye karatasi, ukarudi baada ya siku mbili. Kanda ikilegea tuliizungusha kwa kalamu ya Bic, na betri zikiisha nguvu tuliziweka juani zipate uhai wa nyimbo mbili tatu.

Mwaka 1980 Kenya na Marekani zilitia sahihi mkataba ulioruhusu manowari za Kimarekani kutumia bandari ya Mombasa. Meli zikitia nanga Kilindini, mabaharia walivuka daraja kwa makundi kuja kustarehe kwenye madisko ya pwani ya kaskazini. Miongoni mwao walikuwako weusi wenzetu waliobeba redio kubwa begani. Mmoja alimwachia kaka kanda yenye "The Message" ya Grandmaster Flash and the Furious Five, ya mwaka 1982.

Kaka alitufasiria jioni hiyo, sebuleni. Tulisikia habari za mtaa uliojaa taka, kodi isiyolipika, na kijana anayekwenda jela. Baba alisikiliza kidogo, akauliza, "Huyu anaimba au anagombana?" Mama, aliyekuwa akichambua mchicha, hakuinua hata uso. "Baba watoto, hayo si malumbano tu? Mbona Mvita yako tangu na tangu?"

Maneno hayo yamenikaa moyoni hadi leo. Muyaka bin Haji, malenga aliyefariki mwaka 1840, alitunga mashairi ya kuitetea Mombasa dhidi ya utawala wa Oman, akawapiga wapinzani vijembe hadharani nao wakamjibu. Hicho ndicho wafokaji wanachofanya. Anasimama mtu mbele ya watu, anajisifu, anamrushia mwenzake dongo na kulisemea kabila au mtaa wake, na mshindi ni yule mwenye vina vizito.

Kobe na kiboko

Wapo wanaopenda soul na kuichukia hip hop, wakidai ya kwanza ni muziki na ya pili ni kelele. Mimi siwezi kuzitenganisha. Mwaka 1973, mtaani Bronx jijini New York, DJ Kool Herc, kijana mzaliwa wa Jamaika, alichukua santuri za James Brown na wenzake, akazirudiarudia zile sehemu ambapo ngoma hubaki peke yake. Watu wakacheza, wengine wakaongeza maneno juu yake, na hip hop ikazaliwa. Mpigo wa Clyde Stubblefield katika "Funky Drummer" ya James Brown, iliyotoka mwaka 1970, umetumiwa tena na wafokaji wengi kuliko unavyoweza kuhesabu.

Jambo hilo pia si geni kwetu. Marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alichukua lahani za filamu za Kihindi akazivika mashairi ya Kimvita, na hakuna aliyesema si taarab. Mwaka 1997 Hardstone wa Nairobi alichukua wimbo wa Marvin Gaye, akauchanganya na wimbo wa harusi wa Wakikuyu, na "Uhiki" ikatia fora nchi nzima.

Huko Haller Park waliwahi kukaa Owen na Mzee. Owen alikuwa mtoto wa kiboko aliyeokolewa karibu na Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004. Alipoletwa hapa alimng'ang'ania kobe mkongwe, wakala pamoja na kulala pamoja, na dunia nzima ikastaajabu. Naona soul na hip hop ni kama hao: mmoja mzee wa mwendo wa taratibu, mwingine kijana mwenye nguvu za kuvunja ua, lakini wanajuana.

Kimya cha ufuoni

Katikati ya miaka ya 1990 Mombasa ilizaa Ukoo Flani, vijana waliofoka kwa Kiswahili safi cha pwani juu ya umaskini, polisi na dini. Baadaye waliungana na kambi ya Mau Mau ya Dandora, Nairobi, na kuwa Ukoo Flani Mau Mau. Siku hizo ukipanda matatu ya Bamburi ulisikia soul ya baba na hip hop ya mwana katika safari moja.

Halafu yakaja mabaya. Machafuko ya Likoni ya Agosti 1997 yalifukuza watalii, na shambulio la bomu Kikambala mnamo Novemba 2002 likaongeza chumvi kwenye kidonda. Kila hoteli ilipofunga milango au kupunguza wafanyakazi, bendi ndiyo iliyotangulia kuachishwa. Starehe za usiku zilihamia Mtwapa. Ule ufuo niliosikiliza soul bila kulipa ukabaki na sauti ya mawimbi.

Hivi karibuni nilikaa kwa kinyozi hapo Mtambo, nikampa simu yangu apige wimbo wa Slim Ali. Kijana alizima mashine yake, akasikiliza.

"Mzee, huyu Mmarekani anaitwa nani?"

"Si Mmarekani, mwanangu. Ni Slim Ali, mtu wa papa hapa Mombasa."

Alicheka, akidhani namfanyia mzaha. Nilipomhakikishia, aliomba niurudie, kisha akaurusha kwa rafiki yake anayefoka huko Kisauni. "Huyu ndugu yangu analia kila siku kwamba pwani haina mizizi," alisema.

Hapo ndipo penye kisa chote. Vijana wa Kisauni na Bamburi wamezoea kusikia habari zao zikitajwa pamoja na mapanga na polisi. Kijana akishika daftari la mashairi na kuvaa suruali pana, jirani humwona jambazi mtarajiwa. Wakati huo huo kanda na santuri ambazo zingemwambia kuwa anafuata nyayo za wakubwa zinaliwa na kuvu na hewa ya chumvi, chini ya vitanda vya wazee kama mimi. Tukifa sisi, nani atamwambia?

Basi msomaji, ukija Bamburi na watoto, wapeleke Haller Park asubuhi wakawalishe twiga. Alasiri ya Jumapili washushe ufuo wa umma uitwao Pirates, waogelee kwa tyubu, wale viazi vya karai na mihogo yenye pilipili na ndimu. Usikose kutega sikio, kwa maana hapo vijana hukusanyika na spika zao, wakafoka kwa zamu.

Nawe mzazi mwenye kanda kabatini, zitoe zinakiliwe kabla hazijaharibika, na umwite mwanao mzisikilize pamoja. Kisha umwambie naye akupigie zake. Huenda usizipende zote, lakini utasikia alichokuwa akikuambia siku zote.