Oili ya Gari Letu Kuukuu: Tuliyoyakuta Kisekka

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tumeombwa na kamati ya wazazi tuandike juu ya oili. Siyo ya kupikia, jamani. Ni ile ya injini ya gari letu la kikundi, ambayo imekula fedha za mfuko mpaka watu wakaanza kunong'onezana bombani kwamba dereva anaichota na kuiuza. Neno hilo ni zito kwa mzee wa umri wake. Ndiyo maana tulifunga safari hadi Kampala pamoja naye, tukaulizie kwa wanaojua.

Gari lenyewe mnalijua. HiAce ya dizeli ya miaka ya tisini, iliyofanya kazi ya teksi Kampala kabla ya kufika kwetu Nakivale. Mita inasoma kilometa 412,000, na mita ya gari la zamani sisi tunaiamini nusu tu. Ndiyo inayopeleka watahiniwa, ndiyo inayokimbiza kina mama wenye uchungu Mbarara usiku, na siku za soko inabeba mahindi na maharage ili ijilipie gharama. Kupata nyingine si mchezo. Tangu 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza nchini gari lililozidi miaka 15 tangu litengenezwe, na gari lenye umri mdogo bei yake haitusogelei. Injini hii ikifa leo, tumebaki na miguu yetu.

Kabla ya safari tulimwamkia baba dereva, tukamwomba daftari lake. Kumbe ameandika kila lita, tarehe na kilometa. Tulilipeleka darasa la sita likawa somo la hesabu. Watoto wakapata kwamba gari linakula lita moja kila kilometa 900. Katika kilometa 5,000, yaani kutoka kumwaga oili hadi kumwaga tena, ni lita tano na nusu za kuongezea, karibu sawa na kuijaza injini upya. Sasa swali likawa hili: inaungua, inavuja, au inaibwa?

Kisekka, kwa asiyepafika, ni pale Kampala inapopeleka magari yake yanapougua. Ukishuka kutoka bustani za teksi kuelekea upande wa Nakivubo, utaanza kuona bampa zimetundikwa, injini zimepangwa kama magunia, na vijana wenye ovaroli nyeusi wanakushika mkono kukuuliza unatafuta spea gani. Kiswahili chetu kiliwafanya wengine watutazame kidogo, maana Kampala wazee bado wanakumbuka Kiswahili cha askari na vizuizi vya barabarani. Lakini tulipotaja ugonjwa wa gari, lugha ilipatikana haraka.

Fundi tuliyeelekezwa kwake hakukimbilia kutuuzia kitu. Tulimwuliza oili gani inafaa gari lililochoka, naye akasema, "Ssebo mwalimu, kwanza niambie linatoa moshi wa bluu saa ngapi." Swali hilo peke yake lilitulipa nauli.

Akaeleza hivi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Ukitoka asubuhi unapowasha gari, halafu unapungua, mara nyingi ni sili za valvu zimekauka; usiku kucha oili inateremka taratibu kuingia ndani ya silinda. Ukitoka wakati gari linapanda mlima na mzigo, basi shaka kubwa ni ringi za pistoni, na hapo hakuna oili ya dukani itakayokuokoa. Moshi mweusi ni habari nyingine: dizeli inazidi hewa, pengine filta ya hewa imejaa vumbi, na barabara yetu ya vumbi mnaijua. Letu ni la asubuhi. Dereva alisema hivyo, nasi tunaoamshwa na muungurumo wake tulikuwa mashahidi.

Halafu akatuambia tulaze katoni chini ya injini usiku. Tulifanya hivyo pale tulipolala, na asubuhi ilikuwa na madoa makubwa ya oili. Ilikuwa inavuja kwenye gasketi ya mfuniko wa valvu, inateremka ubavuni mwa injini na kukauka humo humo kwa joto, ndiyo maana mchana hakuna aliyeona tone. Katoni ile dereva aliikunja akaiweka nyuma ya kiti chake. Hakusema neno, na sisi hatukumwuliza.

Sasa tuje kwenye namba, maana ndizo zinazowachanganya wengi dukani. Kwenye kopo utasoma 15W-40, au 20W-50, au namba 40 tupu. Namba ya mwisho ni uzito wa oili injini ikiwa imeshapata moto, unaopimwa kwenye nyuzi 100. Ile ya kwanza yenye W inahusu baridi. W ni majira ya baridi kwa Kiingereza, baridi ya nchi ambazo maji yanaganda barabarani. Kampala haina baridi hiyo, wala Isingiro. Kwa hiyo wengi husema W haituhusu, mwaga nzito kabisa, moshi utapungua.

Hapo ndipo ubishi ulipowaka. Mafundi wawili wa jirani walisema gari kuukuu ni 20W-50, basi. Wana sababu: injini iliyolika ina nafasi kubwa kati ya vyuma, na oili nzito inashika zaidi, haipenyi haraka kwenye sili. Fundi wetu hakupinga, ila akauliza tena: taa ya oili inawaka gari likisimama kwenye foleni likiwa na moto? Tulikuwa tumekaa foleni ya Busega jana yake, jua kali, na taa haikuwaka hata mara moja. Akasema basi presha bado ipo, msikimbilie nzito. Oili nzito inachelewa kupanda juu ya injini asubuhi, na dakika zile za kuwasha ndizo zinazokula vyuma. Gari linalowashwa saa nane usiku na kuondoka papo hapo na mgonjwa halina muda wa kungoja. Sisi tulikubaliana naye. Ingekuwa taa inapepesa, tungechukua 20W-50 bila maneno.

Kuna na herufi. Oili ya petroli huandikwa S na herufi nyingine, kama SL au SN. Ya dizeli huanza na C, kama CH-4 au CI-4. Dizeli inatoa masizi mengi, na oili ya C imetengenezwa kuyabeba masizi hayo bila kugeuka uji. Herufi inavyosogea mbele ndivyo oili ilivyo mpya zaidi: CH-4 ilitoka 1998, CI-4 2002, CK-4 2016. Kwa injini ya miaka ya tisini CI-4 inatosha na kubaki. Kulipia CK-4 huku lita inaungua kila wiki, kwa maoni yetu, ni kumvika mbuzi suti.

Tuliuliza pia juu ya zile oili zinazotengenezwa hasa kwa magari yaliyotembea sana. Zipo kweli. Valvoline walianza kuuza yao, MaxLife, mwaka 2000 huko Marekani, kwa magari yaliyopita maili 75,000, yaani kama kilometa 120,000. Letu lilipita hapo kabla watahiniwa wetu hawajazaliwa! Zina dawa ya kulainisha sili za raba zilizokauka. Lakini nyingi ni za petroli, na katika maduka tuliyoingia hatukuiona ya dizeli. Tukaacha.

Linalotisha zaidi ni oili bandia. Oili chafu inachujwa, inatiwa kwenye kopo la jina kubwa, inauzwa. Na ile ya kupima kutoka kwenye pipa, ambayo baadhi ya wajumbe waliipendekeza kwa sababu ya bei, hakuna ajuaye imetoka wapi. Angalieni mfuniko kama pete yake haijakatika, namba za kiwandani kama hazifutiki kwa kidole, nunueni kwa wakala anayetoa risiti. Kopo likiisha, litobolewe. Kopo zima ndilo linalorudi dukani na uchafu ndani.

Na kina mama, hapa tunawaomba msikie: kopo la oili lisitiwe maji wala mafuta ya kula, hata likioshwa kwa majivu mara saba. Oili iliyotumika isipakwe mtoto mwenye vidonda au mba. Ina sumu zinazoingia kwenye ngozi, na baadhi huleta kansa. Isimwagwe karibu na bomba pia.

Basi tulinunua 15W-40 ya CI-4, makopo yaliyofungwa, filta mpya na gasketi ya mfuniko. Fundi aliifunga gasketi siku hiyo hiyo. Tangu turudi, lita moja sasa inakwenda kilometa 1,600, na watoto wa darasa la sita wamechora mstari wake ukutani. Mzazi yeyote apite autazame. Moshi wa asubuhi bado upo kidogo. Sili za valvu zitabadilishwa likizo ya Desemba, mfuko ukiruhusu. Kijiti cha oili kinapimwa kila asubuhi, gari likiwa pahali tambarare kabla ya kuwashwa, mbele ya mjumbe mmoja wa zamu. Baba dereva mwenyewe ndiye aliyeomba iwe hivyo. Zamu ya wiki ijayo ni ya upande wa kanisani, na daftari liko kwa katibu.