Hewa Haba: Tafakuri Kuhusu Gesi ya Samadi na Lugha Yetu

Wengi wetu tunaosoma fasihi hudhani kwamba samadi na gesi yake ni mambo ya wenzetu wa Kilimo. Mama yangu, anayefuga ng'ombe watatu huko Nyandarua na kupikia gesi ya mtambo wake, aliniondolea dhana hiyo kwa swali moja. Fundi alikuwa amemwambia kuwa hewa ni adui wa mtambo. Kisha katika kikao cha wakulima akasikia kwamba hewa kidogo huufaa. "Mwanangu, kati ya hao wawili nimwamini nani?"

Waama, wote wawili walisema kweli. Ndani ya mtambo, vijiumbe hufanya kazi kwa kupokezana. Wa kwanza huyavunjavunja mabaki magumu ya majani. Wanaofuata huyageuza kuwa asidi. Wa mwisho huzalisha methani, gesi iwakayo. Hawa wa mwisho hudhuriwa na oksijeni, na ndiyo sababu mtambo huzibwa. Hata hivyo, miongoni mwa wale wa mwanzo wamo wanaoweza kuishi penye hewa na pasipo hewa. Oksijeni ikiingia kwa kiasi kidogo mno, wao huitumia ikaisha kabla ya kuwadhuru wenzao, na huenda kazi yao ya kuvunja mabaki ikashika kasi.

Faida iliyo dhahiri zaidi inahusu salfidi ya haidrojeni, gesi inayonuka kama mayai viza na kulila jiko kwa kutu. Bakteria fulani hutumia oksijeni hiyo kuigeuza kuwa salfa, unga wa manjano unaosalia mtamboni. Nchini Ujerumani, mitambo mingi ya mashambani hupuliziwa hewa kidogo kwa pampu kwa ajili hiyo.

Aidha, hatari ipo. Hewa ikizidi, methani hupungua. Na hewa iliyochanganyika na methani kwa asilimia 5 hadi 15 hulipuka kwa cheche moja tu. Mtambo wa mama hauna pampu wala vipimo. Nilimsihi asiruhusu mtu yeyote kuutoboa.

Tangu hapo nimekuwa nikiitafakari istilahi "mmeng'enyo bila hewa". Neno "bila" hufunga mlango kabisa, ilhali jambo lenyewe ni la kiasi. Napendekeza "mmeng'enyo wa hewa haba" kwa utaratibu huu wa pili, ili mkulima atambue tofauti kabla ya kushika msumari na nyundo.

TUKI ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka wa 1990. Kwa hivyo hatuanzi na mikono mitupu. Kilicho adimu ni maelezo kamili, yenye sababu na tahadhari, yanayomfikia mkulima jikoni mwake. Ni nani atakayeyaandika, ikiwa sisi wana wa Kiswahili tutawaachia wengine?